Dakika Nne

Mashine ililetwa na wanaume wanne
na fremu ya dirisha ikang'olewa ipate kupita.
Pauni elfu kumi na mbili, mia sita na kitu.
Chuma kitupu: gurudumu zito, mnyororo, kiti cha ngozi,
kama mkokoteni ulioolewa na baiskeli
wakagombana usiku wa harusi.
Kijitabu chake kinaapa: dakika nne kwa siku, basi,
moyo utapiga kama wa kijana.

Bwana Threlfall alikuwa akichonga kalibu za vijiko Sheffield hii.
Ana miaka sabini na tisa na nyumba juu kabisa ya Walkley,
ambako barabara, kwa wima wake,
imewekewa reli ya kushikilia.

Mimi humpitia saa moja asubuhi.
Shirika limenipimia dakika kumi na tano:
vidonge, uji, soksi za kubana, saini kwenye simu,
kisha mbio kwa Bi Ollerenshaw, huko chini,
mwenye dakika zake kumi na tano
na mazungumzo ya saa tatu.
Njia ya kati hailipwi.
Kilima hakilipwi.

Jina langu Mwanakombo.
Yeye huniita Kombo, anaokoa silabi mbili.
Sijamwambia kwetu kombo ni nini.

Nisimnyime mtu haki yake: mashine inafanya kazi.
Siku moja alinisihi, nikavua koti, nikapanda.
Dakika ya kwanza nilicheka.
Ya pili niliona haya kwa kucheka.
Ya tatu mapafu yalinitoka, yakakaa juu ya zulia yakinitazama.
Ya nne sikuijua; nilisikia kengele tu
na mzee akipiga makofi.

Lakini nimemtazama pia akijiandaa.
Dakika kumi na mbili kusaka viatu.
Kamba, kwa vidole vile, tano au sita.
Goti la kushoto nalo hubembelezwa kama mwari.
Halafu zile nne zilizonunuliwa.
Halafu kitini, taulo shingoni,
hadi rangi imrudi usoni.
Wahenga walisema rahisi ni ghali.
Hawakukutana na ghali inayojidai rahisi.

"Na muda uliookoa," nikamwuliza, "unauweka wapi?"
Akanionyesha kiti cha dirishani.
Hapo hukaa akihesabu mapaa, bomba la moshi kwa bomba la moshi,
mpaka aone mwavuli wangu ukipanda.

Jumatano moja ya Februari nilikuta kwa Bi Ollerenshaw
pazia limefungwa; wamempeleka hospitali usiku.
Nikabaki na robo saa isiyo na mwenyewe.
Nikapanda tena. "Vaa koti," nikamwambia.

Tulikwenda mpaka sanduku jekundu la barua.
Hatua mia moja na kumi, mimi nilihesabu, yeye alilaumu.
Alisimama kumsalimu paka.
Alisimama kunieleza kwa nini shingo ya kijiko
ndiyo huvunjika kwanza, akiichora hewani kwa kidole gumba.
Alisimama bila sababu, na mvua ikasimama naye.
Simu mfukoni mwangu ililia, ikachoka.
Dakika ishirini na mbili, kwenda na kurudi.

Mlangoni aliitazama mashine
jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa kupita ada.
"Niambie kweli. Nimeibiwa?"
Nilikuwa nimeinama nikimfungua kamba.
Nikaendelea kufungua.

"Kesho utakuja?"
"Saa moja."
"Kwa dakika ngapi, Mwanakombo?"

Nilishuka nimeishika reli,
nimechelewa watu watatu,
viatu vikiteleza, pumzi ikitoka nyeupe,
na moyo, bila hata senti,
ukipiga kama wa kijana.